Nilivyoshusha Msiba Kutoka Milima ya Gwassi

Kuna bonde moja chini ya milima ya Gwassi ambako watu wakiniona hushika kifua kwanza, halafu hucheka, halafu huniuliza leo amekufa nani. Mimi hutazama chini. Nyinyi rafiki zangu wa hapa Kehancha mmenitaka mara nyingi niwasimulie kisa chenyewe na nimekuwa nikiwakwepa, kwa sababu kwangu mimi kuzungumza mbele ya watu ni kazi ngumu kuliko kuchimba kisima, lakini kuandika nikiwa peke yangu naweza, polepole (niliishia darasa la nane na mkono wangu haujawahi kuwa na haraka), kwa hiyo someni, mcheke mkiwa huko huko kwenu, msije kunichekea mlangoni.

Mnajua kwamba mama yangu ni Mkuria wa hapa na baba yangu, aliyefariki zamani, alikuwa Mjaluo wa Uriri. Mimi nililelewa huku, kati ya tumbaku na ng'ombe wa mjomba, kwa hiyo Kijaluo nakisikia kidogo tu, na mila za upande wa baba nilikuwa nazijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani, yaani kwa nje. Aliyelelewa Uriri ni kaka yangu Odhiambo, mtoto wa mke mkubwa wa baba. Odhiambo alikuwa amekaa na mkewe Akinyi miaka mitatu, wana mtoto wa kike tayari, na ng'ombe wa mahari hata mmoja hajafika kwa wakwe. Wakwe walivumilia, wakavumilia, mwishowe wakamwita Akinyi nyumbani na mtoto wake, na wakatuma neno moja: ng'ombe wafike siku fulani, wasipofika, huyo binti asitafutwe tena. Odhiambo hakulala vizuri mwezi mzima. Alipopata ng'ombe sita akanipigia simu nije niwaswage, kwa sababu ng'ombe ndio kitu pekee duniani ninachokijua bila kuulizwa maswali.

Tulitoka Uriri kabla ya jua kuchomoza na lori la kukodi. Odhiambo alikaa mbele na Mzee Okeyo, mshenga wetu, mtu mwenye sauti ya kuhubiri na goti bovu, na mimi nikakaa nyuma na ng'ombe, mahali panaponifaa. Tulipopita Karungu, ziwa likiwa mkono wa kushoto, milima ya Gwassi ikasimama mbele yetu. Nilikuwa nimeiona mara moja tu nikiwa mtoto, baba aliponipeleka Karungu kununua samaki, na siku hiyo ilikuwa mbali na ya buluu kama moshi wa jiko, nikamuuliza baba huko juu kunaishi nani, akaniambia nikikua nitakwenda nione. Sasa nilikuwa nimekua, na ilikuwa ya kijani, na ukungu umekaa juu yake kama kitambaa kichwani mwa mama anayekwenda kanisani.

Chini ya milima, penye soko dogo, lori likasimama. Mvua ya jana yake ilikuwa imeila barabara, na dereva akasema lori lake halioi mtu huko juu, kwa hiyo haliendi.

"Basi Chacha," Odhiambo akaniambia, "wewe fuata barabara hii ya chini na ng'ombe, uzunguke mlima mpaka kwenye kinu cha posho. Sisi tunatangulia na boda. Tutakusubiri hapo kinuni, tuingie kwa wakwe pamoja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Usiingie peke yako."

"Siingii."

Mzee Okeyo akaongeza kutoka juu ya pikipiki, "Na uvae shati vizuri, omera, ndugu yangu. Unakwenda kwa watu."

Wakaondoka. Nikabaki na ng'ombe sita na njia mbili, moja ile barabara ya chini, nyekundu, yenye matope, na nyingine njia ya miguu iliyopanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa mlima. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kama hiyo ya juu inafika upande wa pili. Akasema inafika, tena mapema. Basi. Uamuzi wangu wote ulikuwa huo. Nikajiambia nitapanda, nitaona yale niliyoahidiwa na baba, nitateremka upande wa pili, nitatokea kinuni kabla yao, na Odhiambo atashangaa. (Alishangaa, hilo nakubali.)

Sasa niwaambie ukweli, kupanda kulikuwa kuzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nyasi za huko ni ndefu na laini, na ng'ombe walikuwa wakizikata huku wanatembea bila ugomvi, na kila tulipopanda kidogo ziwa lilizidi kuwa kubwa. Kulikuwa na chemchemi inayotoka kwenye jiwe bila kelele, na pembeni mwake watu wamefagia mahali wanapopiga magoti kusali. Nilikuwa nimesikia Uriri kwamba watu wa makanisa hupanda huko kufunga na kuomba, na kwamba wazee wa Gwassi huitazama milima hii kabla ya kushika jembe, wingu likikaa kwenye kilele hiki wanapanda mbegu, likikaa kwenye kile wanangoja. Juu kabisa nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na ziwa lote, visiwa vimelala majini kama viboko, mawe makubwa yaliyosimama peke yake, mwewe akielea chini yangu (chini yangu, fikirieni, mimi namwona mgongo), na nyumba za watu bondeni ndogo kama vibiriti. Nikamkumbuka baba.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma na kofia yangu ilikuwa imebaki kwenye lori. Hapa Kehancha, kama mjuavyo, mchungaji akichomwa na jua anajisokotea taji la majani, anavaa, na hakuna anayemuuliza lolote. Pale juu kulikuwa na mmea unaotambaa kwenye vichaka, wenye majani ya mviringo, mororo, nikaukata, nikauzungusha kichwani mara tatu na mwingine nikajifunga kifuani kwa sababu ulikuwa wa baridi na ulinipendeza. Halafu nikavunja tawi kubwa lenye majani ya kufukuzia nzi. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, na nikiwa peke yangu na ng'ombe huwa sina haya, nikaimba. Nikaimba kwa sauti, nikipunga lile tawi.

Mbele kidogo nikakutana na mama aliyebeba kuni. Nikamsalimu. Hakuitikia. Akanitazama kichwani, akatazama tawi, akawatazama ng'ombe, akaweka kuni chini polepole, akashika kichwa kwa mikono miwili, na akaanza kukimbia kuteremka mlima. Mimi nikadhani anamwogopa fahali wetu mkubwa, yule mwekundu, nikamwita nikimwambia hana shida, ni mpole. Hakugeuka.

Sikujua kwamba njia ile haitokei kinuni. Inateremka moja kwa moja hadi kwenye boma la wakwe, lenye nyumba ya mabati ya buluu, ile ile Odhiambo aliyonielezea. Nilipoiona nikajaribu kuwazuia ng'ombe ili nizunguke nikatafute kinu, lakini walikuwa wamesikia harufu ya maji, kiu imewashika, nzi wanawauma, wakaanza kukimbia. Nami nikakimbia nyuma yao nikipiga kelele, tawi juu, majani yananipepea kifuani. Tukateremka hivyo, matope, kwato, na mimi.

Kilio kilianza kabla sijafika langoni. Mwanamke mmoja alitoa sauti ndefu, nyembamba, iliyonisimamisha nywele, halafu wa pili, halafu bonde lote likaitikia, boma kwa boma, mpaka nikasikia kinarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Mama mmoja akajitupa chini mbele yangu. (Baadaye nikajua ni mama yake Akinyi, mkwe wa kaka yangu, mtu ambaye Odhiambo mwenyewe hathubutu kumtazama usoni.) Wanaume wakaja mbio na fimbo, wakawapokea ng'ombe, wakawazungusha uani mara mbili kwa kukimbia huku wanaimba, na mmoja akanikumbatia na kulia begani mwangu mpaka shati likalowa.

Mimi nikajiambia, Chacha, umefika siku mbaya. Watu hawa wamefiwa.

Naomba mnielewe hapo. Ningeweza kuuliza. Neno moja tu, nani amekufa. Lakini unaanzaje kumuuliza hivyo mtu anayekulilia begani, tena wewe ni mgeni, tena ni mkwe, tena una haya tangu kuzaliwa? Nikanyamaza. Halafu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akilia na mimi nilikuwa nimemkumbuka baba kule juu, nikalia pia. Nililia vizuri sana. Wakanipa kiti, wakaniletea maji, wakaniita mwanangu.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Babu yake Akinyi, ambaye wote walimwita Jaduong', yaani mzee mwenye heshima, alikuwa amepelekwa hospitali Homa Bay siku tatu kabla, hali mbaya, akiwa na baba yake Akinyi. Tangu jioni iliyopita simu yao ilikuwa haipatikani. Boma zima lilikuwa linangoja habari. Na kwao habari ya kifo cha mtu mkubwa haiji kimyakimya. Huja na vijana wanaokimbiza ng'ombe, wamejivika mmea ule unaotambaa, matawi mkononi, wakiimba, na hutokea juu ya mgongo wa mlima ili kila boma bondeni lione. Mlima huo, niliokuwa nikiutazama kwa uzuri wake, kwao ndio unaotangaza. Wajomba wa Jaduong', yaani ukoo wa mama yake, wanaishi nyuma ya mlima, karibu na barabara ya mjini. Kwa hiyo mimi nilikuwa kijana wa wajomba, niliyeletewa habari mapema, na nimekuja nayo kama inavyotakiwa. Hawakuwa na sababu ya kuniuliza. Nilikuwa nimeshasema kila kitu kwa kichwa changu.

Watu wakaanza kujaa. Hema likaletwa, viti vya plastiki, masufuria makubwa. Nikiwa nimekaa karibu na ua nilisikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiswahili kwamba wagonjwa wengi huondoka alfajiri. Muda si mrefu bibi mmoja, mwenye kanga nyeusi na uso uliolowa machozi, akaja akaniinamia.

"Mwanangu, aliondoka saa ngapi?"

Nikadhani naye ni mgeni kama mimi, amechelewa, anataka kujua. Nikampa nilichokisikia.

"Alfajiri."

"Aliteseka?"

Ningesema nini? Macho yake yalikuwa yananiomba. "Hapana," nikasema. "Hakuteseka."

Akanishika mkono, akanishukuru, akaenda kuwaambia wengine. Nikaona neno langu linatembea kutoka kiti hadi kiti, alfajiri, hakuteseka, na watu wakitikisa vichwa. Hata hapo sikushtuka. Nilijisikia nimesaidia.

Halafu baba mdogo wa Akinyi, mtu mrefu mwenye uso mgumu, akaja na kamba mkononi, akanionyesha yule fahali mwekundu. "Huyu ndiye wa kuchinjwa?"

Nikawaza haraka. Ng'ombe wameshaingia kwao, ni wao sasa, na mtu hachaguliwi cha kuchinja nyumbani kwake na mgeni. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikwenda hata kumshikia miguu.

Odhiambo na Mzee Okeyo walifika mchana, wamechoka kunisubiri kinuni, na kilio walikuwa wamekisikia tangu barabarani. Wao walijua Jaduong' anaumwa. Kwa hiyo hawakuuliza wala kusita. Mzee Okeyo akashuka kwenye pikipiki, akasahau goti lake, akaingia bomani mbio akilia kwa ile sauti yake ya kuhubiri, akimwita Jaduong' kwa majina yote ya sifa, na Odhiambo nyuma yake, analia kweli, kwa sababu mzee huyo ndiye pekee aliyemtetea miaka yote mitatu. Nikawaonea huruma. Nikampisha kaka yangu kiti changu.

Alipotulia kidogo akanitazama kwanza majani, halafu akaangalia kichwa cha fahali mwekundu kilichokuwa kwenye nyasi, kinamtazama.

"Chacha," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba Jaduong' amekufa."

"Ndiye aliyekufa?"

Odhiambo akafunga macho, akayafungua. "Wewe ulijuaje kuna msiba?"

"Nilikuta wanalia."

"Wao wanasema wewe ndiye uliyeleta habari. Wanasema umetoka kwa wajomba. Wanasema amekufa alfajiri na hakuteseka."

Nikanyanyua mkono kuvua lile taji na mkono ukakataa, ukabaki hewani kama wa mtoto anayeomba ruhusa darasani.

"Vua hayo majani," Odhiambo akaninong'oneza, midomo haisogei. "Vua polepole."

Sikupata nafasi. Gari dogo la abiria likaingia langoni, lina matope mpaka vioo, na kutoka kiti cha mbele akashuka mzee mwembamba, koti kubwa, fimbo mkononi, bado ana plasta nyeupe ya sindano kwenye mkono. Nyuma yake akashuka baba yake Akinyi na mfuko wa dawa. Mzee akaliona hema. Akaona viti, masufuria, watu wote wale, kina mama wenye macho mekundu. Akavua kofia yake. Akaweka mkono kichwani na akaanza kulia, kama heshima inavyotaka, akitembea kuja kwetu kwa hatua ndogo.

"Nani?" akauliza. "Nani amenitangulia?"

Hema likaanguka, kwa sababu wanaume waliokuwa wanashika nguzo waliziacha na kukimbia. Bibi wa alfajiri alianguka pamoja na kiti chake. Mwingine alijifungia jikoni. Mzee Okeyo, ambaye alikuwa katikati ya sifa za marehemu, alinyamaza mdomo ukiwa wazi na goti likarudi kuuma hapo hapo, akakaa chini. Mama yake Akinyi pekee ndiye hakukimbia. Alimwendea mkwewe kwa magoti, akamgusa viatu, kisha akalia upya, kilio kingine tofauti.

Ilichukua muda kumweleza. Kila aliyeeleza alifika mahali akakwama, akageuka, akanitazama. Mwishowe watu wote walikuwa wananitazama mimi, na mimi bado nimevaa majani.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Mtu hai ameliliwa katika boma lake. Ng'ombe hawa wameingia na kifo. Mimi nasema warudi walikotoka, na kesi ya ndoa hii iishe leo."

Hakuna aliyempinga. Mzee Okeyo, ambaye kazi yake ni kusema, akainama kusugua goti lake. Nikamwona Akinyi amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hajanitazama mimi, anamtazama Odhiambo, na Odhiambo anatazama ardhi. Nikaona nilichokifanya. Miaka mitatu ya kaka yangu nilikuwa nimeivunja kwa kutaka kivuli kichwani.

Jaduong' alikuwa amekalishwa kwenye kiti kikubwa. Akanielekezea fimbo. "Kijana. Wewe ni wa nani?"

Nikajibu, lakini hakuna aliyesikia, hata mimi.

"Huyu ni ndugu yangu, Jaduong'," Odhiambo akasema. "Amelelewa Ukuriani. Hakujua maana ya majani. Kosa ni langu, nilimwacha peke yake."

"Sikukuuliza wewe, mkwe. Mtu anayeweza kuniua alfajiri anaweza kusema jina lake."

Wengine wakaguna kama wanaotaka kucheka, wakajizuia. Nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema njia ya chini niliikataa, nikasema nilitaka kuona mlima, nikasema nilipowakuta wanalia niliona aibu kuuliza. Ilikuwa ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Uliuona?" mzee akauliza.

"Nini, Jaduong'?"

"Mlima."

"Niliuona."

"Ukoje?"

Nikafikiri. "Ni mzuri mpaka mtu anasahau alikotumwa."

Akanitazama, taya zake zikitafuna kitu ambacho hakikuwapo. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Babu zako walisema habari iliyoshuka kutoka mlimani hairudishwi kwa simu. Mabonde yote sasa yanajua nimekufa. Huyu aliyeiteremsha aipandishe tena. Atoe ng'ombe waliobaki nje ya lango. Aende juu, asimame aliposimama, avue majani yake huko huko, na atangaze kwa sauti kwamba niko hai, mpaka boma la mwisho lijibu. Jua likiwa bado lipo. Akiweza, ng'ombe wataingia upya, kwa lango, kwa utaratibu, kama ng'ombe wa mahari. Akishindwa, fanya ulivyosema."

"Na yule aliyechinjwa?"

"Yule hahesabiwi. Wataleta mwingine." Akanusa hewa. "Lakini nyama isiharibike. Siku tatu wamenipa uji."

Nikapanda. Sikumbuki chemchemi wala nyasi wala ziwa. Nakumbuka pumzi yangu tu. Nikafika juu jua likiwa limeelekea visiwani, nikavua yale majani, nikayatupa, na nikafungua mdomo. Ilitoka sauti ya kifaranga. Nikajaribu tena, "Jaduong' yuko hai," na upepo ukaichukua ukaenda nayo upande usio na watu. Chini nilikuwa naona boma lile kama kibiriti, na mbele ya lango nukta tano, ng'ombe, na nukta moja iliyosimama peke yake, ambayo nilijua ni Odhiambo.

Sijui ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka nikaona nyota mchana. "Jaduong' yuko hai. Mimi nilikosea. Jaduong' hajafa."

Halafu kutoka boma la mbali kabisa, sauti ya mwanamume, inakuja polepole kama ndege anayepanda: "Nani anasema?"

Ikabidi niseme. Jina langu, la baba yangu, la mama yangu, Uriri, Kehancha, kwa sauti, mlima mzima unasikia, mimi ambaye nikitumwa dukani huonyesha kwa kidole. Mwingine akauliza kutoka upande wa kulia, "Umemwona kwa macho yako?" Nikasema nimemwona, ana njaa, anangoja nyama. Hapo nikasikia kicheko kutoka bonde zima, kinapanda hadi nilipo, na baada ya kicheko vigelegele, boma kwa boma, kwa njia ile ile iliyopitiwa na kilio. Chini nikaona nukta tano zinasogea, zinaingia langoni moja baada ya nyingine, hazikimbii.

Fahali niliyemshikia miguu nilimlipa kwa mtamba wangu, yule niliyepewa na mjomba nilipomaliza shule, na sikuwa na mwingine. Odhiambo alisema si lazima. Nikasema ni lazima. Akinyi alirudi Uriri na mtoto wiki hiyo hiyo, na mpaka leo akinipa chai huniuliza kwanza kama nimekuja kwa heri.

Niliapa mambo mawili siku ile nikiwa nateremka gizagiza. La kwanza, nikikuta watu wanalia, hata kama aibu itaniua, nitauliza ni nani kabla ya kutoa chozi langu. La pili, sitaupanda tena mlima ule, hata ukiwa mzuri mara kumi. La kwanza nimelishika. La pili lilidumu hadi mwezi uliopita, Odhiambo aliponipigia simu kuniambia Jaduong' ameacha agizo mbele ya wanawe wote, kwamba siku yake ya kweli ikifika, habari hiyo iletwe kutoka juu na mimi, kwa sababu sauti yangu ndiyo mabonde yanaijua, na kwa sababu, anasema, nimeshafanya mazoezi. Nilimwomba Odhiambo amwambie siwezi. Akasema alishamwambia, na mzee akajibu kwamba hata mara ya kwanza sikuweza, na bado mabonde yalisikia.

Basi nimejitengenezea kiapo kingine. Nitaupanda mara moja tu, nitakapoitwa, kwa majani yote yanayotakiwa. Na kila Jumapili naomba nisiitwe mwaka huu.